Mahindi Tunayo, Udumavu Tunao: Rukwa Tunahitaji Meza Moja ya Chakula

Najua wengi mlikuwa mnasubiri nimalizie somo la kuhifadhi mahindi kwenye mifuko ya PICS. Litakuja, msiwe na wasiwasi. Wiki hii naomba mnivumilie, kuna jambo limenikaa kifuani muda mrefu na nisipolisema sasa hivi nitakuwa nawadanganya.

Ijumaa iliyopita nilishuka Kabwe kwa pikipiki. Mnaoijua njia ya Lyazumbi mnajua mteremko ule: unaacha baridi ya Ufipa huku umevaa koti, ukifika chini ziwani umelivua. Nikiwa njiani, kijana mmoja ninayemhudumia huku juu akanipigia. "Bwana shamba, nina gunia sitini ndani, wanunuzi wanakuja na bei ya matusi. Nifanyeje?" Nikamwambia avute subira, nikafika Kabwe.

Pale mwaloni nikakuta Fuso inashusha unga. Nikasogea kusoma mifuko. Ule unga ulikuwa umesagwa nje kabisa ya mkoa wetu. Umesafiri kilomita mamia, umepita katikati ya mashamba ya mahindi ya Nkasi, umepita mbele ya nyumba ya yule kijana mwenye gunia sitini, umekuja kuliwa na wavuvi wa Kabwe. Hatua kama ishirini kutoka pale, akina mama walikuwa wanafunga dagaa kwenye viroba. Nikauliza mzigo unakwenda wapi. Nikatajiwa miji ya mbali. Hakuna aliyetaja kijiji hata kimoja cha huku juu.

Nilikaa kwenye jiwe nikapiga hesabu. Juu kuna mahindi hayana mnunuzi. Chini kuna watu wananunua unga wa mbali kwa bei ya mbali. Chini kuna dagaa. Juu kuna watoto wanakula ugali na majani, majani na ugali, kuanzia Januari mpaka Desemba. Na katikati hapo hakuna mtu ambaye kazi yake ni kuviunganisha hivi vitu viwili.

Takwimu inayotuaibisha

Ukweli usemwe. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na malaria wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba Rukwa ndiyo iliyoongoza nchi nzima kwa udumavu wa watoto chini ya miaka mitano: asilimia 56. Ulipofanyika tena mwaka 2022, wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30, sisi tukawa karibu asilimia 50. Tuliokuwa nao kileleni ni Iringa na Njombe.

Iringa, Njombe, Rukwa. Hiyo si mikoa ya njaa. Ni mikoa ambayo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, inategemea kujaza maghala yake. Yaani sisi tunaolisha wenzetu ndio watoto wetu wanadumaa.

Wapo wanaosema hayo ni mambo ya daktari na bibi afya, mkulima wa biashara yanamhusu nini? Mimi nina diploma ya kilimo, si daktari wala mchumi, ila jambo moja nimejifunza kwa kutembea: mkoa usiojua kula kile unachozalisha haujui pia kukiuza. Tatizo la yule kijana mwenye gunia sitini na tatizo la mtoto anayekula ugali mtupu vina chanzo kimoja. Chakula chetu kimepangwa kutoka nje. Sisi tunazalisha, bei inapangwa pengine, njia inapangwa pengine, na kinachobaki nyumbani ndicho tunachokula.

Kosa langu mimi

Kabla sijamnyooshea mtu kidole, nianze na mimi.

Msimu wa 2016/17 nilikuwa kijana mwenye moto, nina miaka michache kazini. Kwenye kijiji kimoja cha huku juu nilikuwa na kikundi cha vijana saba. Nikawahimiza: ongezeni eka, pandeni kwa mstari, tumieni mbegu bora, kopeni mbolea, mahindi yanalipa. Wakanisikiliza. Walikodi mashamba, mvua ikawa nzuri, mahindi yakasimama vizuri mpaka watu wa vijiji vya jirani wakawa wanakuja kuyatazama. Nilipiga picha nyingi, nikazituma kwenye makundi ya simu, nikapongezwa.

Mwaka huohuo wa 2017 serikali ikazuia mahindi ghafi kutoka nje ya nchi. Mnakumbuka wenyewe kilichotokea. Bei ikafa. Wale vijana wangu hawakupata hata nusu ya bei waliyoipigia hesabu. Mmoja aliuza pikipiki yake alipe deni la mbolea. Mwingine aliacha kilimo, sasa yuko Tunduma anapakia magari. Nikikutana naye ananiita "bwana shamba" kwa heshima ileile, na hiyo heshima ndiyo inayoniuma.

Sikuwafundisha vibaya namna ya kulima. Niliwafundisha nusu ya kilimo. Niliwafundisha kuzalisha, sikuwafundisha kuuliza: nani atakula hiki, yuko wapi, na nani atamfikishia? Nilidhani hilo ni swali la mtu mwingine. Kumbe kila mtu alidhani hivyohivyo.

Tulifikaje hapa

Vijana wengi hawajui kwamba Rukwa haikuzaliwa ikiwa ghala la mahindi. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa watu wa ulezi na maharage, na kilimo chao cha ntumba, yale matuta ya majani yaliyofukiwa udongo yakaoza, kilikuwa mbolea kabla hatujaletewa mfuko hata mmoja wa kiwandani.

Mahindi yalipanda sana miaka ya 1970 na 1980. Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawa na mkulima aliye karibu na Dar es Salaam, na gharama ya kuusafirisha mzigo aliibeba Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Kwa mkoa ulioko pembeni kama wetu ile ilikuwa neema. Ndiyo tukaingia kwenye ile mikoa minne mikubwa ya mahindi: Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa.

Baadaye mfumo huo ukaondolewa, maana serikali isingeweza kuubeba milele. Bei ikaachiwa soko. Kuanzia hapo umbali uliokuwa ukilipwa na NMC ukahamia kwenye gunia lako wewe. Mnunuzi anapokuja Laela au Namanyere anapiga hesabu ya mafuta na matairi mpaka Dar es Salaam, anaitoa kwenye bei yako, halafu ndiyo anakutajia. Miaka inapita, sisi bado tunalima kama vile NMC ipo.

Na vyama vya ushirika je? Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katikati pale imani ilikatika. Hadi leo ukitamka neno "umoja" mbele ya wazee wengine wanacheka. Siwalaumu. Waliona mali zao zinaingia kwenye chama, hazitoki.

Ninachopendekeza

Sipendekezi chama kipya kikubwa chenye mwenyekiti, gari na posho. Napendekeza meza moja ya chakula ya mkoa mzima: Sumbawanga mjini na vijijini, Nkasi na Kalambo. Iwe ni umoja wa watu ambao tayari wanafanya kazi, ila hawakutani.

Nani akae kwenye hiyo meza? Vyama vya msingi vya wakulima, yaani AMCOS, za huku juu. Wakulima wa mpunga wa bonde la Ziwa Rukwa. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi, BMU, vya mwambao wa Tanganyika kuanzia Kabwe na Kirando mpaka Kasanga. Wenye mashine za kusaga na kukamua alizeti. Wenye malori. Walimu wakuu na kamati za shule. Watu wa lishe wa halmashauri. Na vijana mnaolima kibiashara, ambao mara nyingi hamuitwi mahali popote mpaka siku ya maonesho.

Mtaniambia kamati za lishe zipo. Ni kweli, zipo, na ni jambo jema. Mkataba wa lishe ambao wakuu wa mikoa walisaini mwaka 2017 ulizitaka halmashauri kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Lakini kwenye vikao vya namna hiyo nilivyowahi kukaa mimi, viti vingi vilikuwa vyetu watumishi. Mvuvi hakuwepo. Mwenye mashine ya kusaga hakuwepo. Tunajadili chakula, wenye chakula wako nje wanaendelea na shughuli zao.

Hiyo meza ifanye kazi tatu tu kwanza.

1. Ijue nani ana nini, lini.

Tengenezeni kalenda ya chakula ya mkoa. Kwa mfano, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo dagaa hushuka kwa vipindi, na kila mtu wa Kabwe anajua ni tarehe zipi. Huku juu hakuna anayejua. Kadhalika mvuvi hajui kwamba Juni na Julai ndipo mahindi yanapokuwa rahisi, yeye ananunua unga Januari bei ikiwa juu.

Halafu kuna jambo jipya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Tazameni tarehe hizo vizuri. Ni wakati uleule ambao sisi tunavuna. Mvuvi hana hela kwa sababu ziwa limefungwa, mkulima hana hela kwa sababu bei iko chini. Wote wawili wana shida kwa wakati mmoja, na kila mmoja ana kitu anachokihitaji mwenzake.

Hapo mali kwa mali inawezekana. Dagaa wa vipindi vya giza kabla ziwa halijafungwa wapande huku juu, waandikwe kwa kilo. Mahindi yakivunwa, yashuke chini kwa hesabu ileile. Nakiri kuna ugumu: Aprili bado mvua inanyesha, kukausha dagaa ni vita, na ukiwaanika mchangani wanaharibika. Itabidi wakaushwe juu ya chanja, na wenye uwezo wajenge vile vikaushio vya nailoni vinavyotumia jua. Hiyo nayo ni kazi ya biashara ya kijana, si ya serikali.

2. Itengeneze soko la nyumbani.

Hapa ndipo nataka mnisikilize kwa makini, maana hapa kuna hela.

Chukua shule moja ya msingi ya mwambao yenye wanafunzi 400. Wazazi wengi pale ni wavuvi. Hawana mahindi ya kuchanga, wana fedha. Tuseme kila mtoto anakula gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku, kwa siku 190 za masomo. Mahindi ni kilo 48 kwa siku, kwa mwaka kilo 9,120, yaani gunia 91. Maharage ni kilo 16 kwa siku, kwa mwaka kilo 3,040, gunia 30. Ziwe shule kumi tu: gunia 910 za mahindi na gunia 300 za maharage. Yule kijana wangu mwenye gunia sitini angehitaji wenzake kumi na watano kama yeye ili kulijaza soko hilo, na mzigo wote unashuka mlima mmoja, hauendi Dar es Salaam.

Sasa geuza. Shule ya huku juu yenye watoto 400, ambako wazazi wanachanga mahindi na maharage kwa debe. Wakipikiwa dagaa mara mbili kwa wiki, gramu 10 tu kwa mtoto, ni kilo 4 kwa siku ya dagaa. Kwa wiki 38 ni kilo 304. Shule kumi ni tani tatu za dagaa. Akina mama wa mwaloni Kabwe wakiambiwa kuna mnunuzi wa tani tatu asiyekimbia, watawatafutia dagaa wasafi.

Brazil walifanya hivi kwa sheria. Mwaka 2009 waliamua kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule itumike kununua kwa wakulima wadogo. Sisi hatuna sheria hiyo, na huku chakula cha shule kinachangwa na mzazi mwenyewe. Basi anayepaswa kukaa naye mezani ni mzazi, kupitia kamati ya shule. Na kwa taasisi zinazonunua kwa fedha ya umma, sheria ya ununuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana mkiwemo. Ni vijana wangapi wanaosoma hapa wamesajili kikundi chao kwenye mfumo wa NeST? Jibu mnalo.

3. Iweke kipimo kimoja na ubora mmoja.

Lumbesa inatuua. Kila mtu anailalamikia, na kila mtu anaifunga, kwa sababu asipoifunga yeye, jirani ataifunga. Hili ni jambo ambalo mkulima mmoja peke yake hawezi kulishinda hata awe jasiri vipi. AMCOS moja ikikataa lumbesa, dalali anahamia kijiji kinachofuata. AMCOS zote za njia moja zikikataa siku moja, dalali hana pa kuhamia. Ununuzi uwe kwa kilo, kwenye mizani, basi.

Ubora nao. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, yapepetwe, yasiwekwe chini kwenye udongo. Sumukuvu haina mjadala; ukilisha shule mahindi yenye kuvu umelisha watoto sumu, na soko umelifunga mwenyewe. Kifaa cha kupima unyevu kwa mkulima mmoja ni gharama, kwa AMCOS ni kitu cha kununua mara moja.

"Haya ni maneno tu, bwana shamba"

Nayasikia hayo mpaka huku. Nijibu hoja tatu ninazokutana nazo kila ninapolisema hili.

Ya kwanza: "Vyama vimetuibia." Sawa. Ndiyo maana nasema meza, sijasema mfuko. Meza isishike hela ya mtu. Kazi yake iwe kukutanisha, kuandika makubaliano na kutangaza bei na kilo kila wiki, kila mtu azione. Hela itoke kwa mnunuzi iende kwa muuzaji. Pasipo na sanduku hapana mwizi wa sanduku.

Ya pili: "Mimi nafanya biashara. Kongo wakilipa vizuri nitauza Kongo." Na uuze! Mimi ni mtu wa mwisho kukuzuia, baada ya niliyoyaona 2017. Kabwe na Kasanga ni milango yetu ya kwenda ng'ambo, na Zambia iko hapo mlangoni kwa watu wa Kalambo. Lakini mfanyabiashara mwenye akili hategemei mlango mmoja, maana mlango unaweza kufungwa na mtu mwingine asubuhi moja tu. Katika gunia zako sitini, kumi na tano ziwe na mkataba wa nyumbani. Arobaini na tano cheza nazo sokoni utakavyo. Wale vijana wangu saba wangekuwa na robo tu ya mzigo kwenye mkataba wa shule, ile pikipiki isingeuzwa.

Ya tatu: "Hiyo ni kazi ya serikali." Serikali ina sehemu yake: barabara, mizani, maghala, ruzuku ya mbolea. Lakini tazameni mambo yaliyosimama nchini, yalianzia wapi. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima, ulianza mwaka 1993 pale Morogoro kwa wakulima wenyewe kukutana na kubadilishana uzoefu, wakisaidiwa na wataalamu wa Sokoine. Leo ni wa nchi nzima, na Kibaigwa kule Dodoma mkono wao upo katika kujenga lile soko la mahindi ambalo madereva wote wa barabara kuu wanalijua. Wakulima wa korosho Mtwara walipoingia kwenye stakabadhi ghalani msimu wa 2007/08, walikuwa wanatoka kwenye kangomba, ile ya kuuza korosho kwa vipimo visivyo rasmi kwa bei ya kutupa. Mfumo ule una makelele yake mpaka leo, wakulima wanalalamikia makato na malipo kuchelewa, sitaki kuwadanganya. Lakini mnunuzi sasa anakuja mnadani, wanunuzi wanashindana mbele ya mkulima.

Na mfano mkubwa kuliko yote uko mbele ya macho yetu. Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisaini mwaka 2003 mkataba wa kulitunza Ziwa Tanganyika. Baadaye wakakubaliana mitumbwi ya ziwa zima ipumzike miezi mitatu. Wavuvi waliumia, tusijifanye hatukuona. Kabwe ilikuwa kimya, mama ntilie walifunga biashara. Lakini ziwa lilipofunguliwa, kila mtu alikwenda mwenyewe kutazama kilichomo. Kama nchi nne zenye lugha tofauti na fedha tofauti zimeweza kukaa meza moja kwa ajili ya dagaa, halmashauri nne za mkoa mmoja zinashindwa nini kukaa kwa ajili ya dagaa na mahindi?

Tunaanzia wapi

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtumbwi hauanzi kwa kuelea, unaanza na ubao mmoja. Mimi napendekeza mbao hizi, msimu huuhuu:

Moja: AMCOS mbili za huku juu, BMU ya mwalo mmoja na shule nne, mbili za juu na mbili za chini. Basi. Tusianze na mkoa mzima, tutakufa kwa vikao. Njia ya Lyazumbi–Kabwe itutoshe mwaka wa kwanza. Ikifanya kazi, Kirando wataiga, Kasanga na Matai wataiga, bonde la Rukwa wataleta mchele wao.

Mbili: kila upande uchague mtu mmoja wa kupiga simu. Kila Jumatatu atume bei na kiasi kilichopo: mahindi kwa kilo, maharage kwa kilo, dagaa kwa kilo. Ujumbe wa simu unatosha.

Tatu: mkataba wa maandishi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili cha kawaida. Kiasi, ubora, bei au namna ya kuipata, tarehe, na nini kinatokea mtu akikiuka. Usainiwe mbele ya ofisi ya kijiji.

Nne: kijana mmoja kati yenu achukue usafirishaji. Lori lipande na dagaa, lishuke na mahindi. Lori linalorudi tupu ndilo linalokula faida ya mkoa huu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi chenye mkataba wa shule mkononi kinaombea mkopo kwa sauti tofauti kabisa na kikundi chenye katiba na picha za pasipoti tu.

Tano: ndani ya eka zako, tenga robo eka ya chakula cha nyumbani kwako. Maharage, kama Njano Uyole mnayoipenda. Viazi lishe vya rangi ya chungwa. Kuku wa mayai, na mayai mengine yasiende sokoni. Nimeingia kwenye nyumba za wakulima hodari wa mkoa huu, stoo imejaa mpaka darini, na mtoto wa miaka mitatu unamdhania wa miaka miwili. Baba anakuonesha mahindi kwa furaha, wewe unamtazama mtoto, unakosa la kusema. Mimi nilikosa la kusema mara nyingi mno. Leo nasema.

Yule kijana wa gunia sitini nilimpigia nikiwa Kabwe. Nikamwambia asiuze bado, kisha nikampa simu mwalimu mkuu wa shule moja ya hapo. Waliongea dakika kama tano. Hawakukubaliana bei, ila walikubaliana kilo thelathini za unga wa dona ziletwe kwanza, watoto waujaribu. Kilo thelathini si kitu, najua. Lakini ni mara ya kwanza kwa yule kijana kujua jina la mtu atakayekula mahindi yake.

Wiki ijayo tunarudi kwenye mifuko ya PICS, nimeahidi. Ila kabla ya hapo, ulioko huku juu tafuta namba ya mtu mmoja wa ziwani, na wewe wa ziwani tafuta mmoja wa huku juu. Ulizaneni bei. Nikikutana nanyi shambani, nitauliza kama mlipigiana.

Kazi njema, na msimu uwe wa heri.